Kwa Nini Mwekezaji Husita: Mafunzo ya Intaneti ya Kasi Isiyotumia Waya

Hotuba iliyotolewa katika semina ya Waheshimiwa Madiwani, Wakuu wa Idara na Watendaji wa Kata kuhusu huduma za mawasiliano vijijini



Siku hizi ni nadra kikao cha maendeleo ya kata kumalizika bila mtu kuuliza habari za mtandao. Swali hilo zamani lilihesabiwa kuwa la anasa. Leo ni swali la huduma. Ushuru wa Halmashauri hukusanywa kwa mashine za POS. Zabuni hupitia mfumo wa NeST. Hesabu za zahanati na shule huingizwa katika mifumo ya serikali, na mwananchi anayetaka kulipia leseni ya biashara huhitaji kwanza kupewa namba ya malipo. Pale ambapo mawimbi hayafiki, mtumishi hulazimika kufunga ofisi na kwenda kutafuta mahali palipoinuka ili atume taarifa, na mwananchi aliyetembea saa mbili kumfuata hukuta kufuli mlangoni.

Ndiyo maana kila anapotokea mtu mwenye habari za teknolojia mpya, iwe ni minara ya kizazi kipya, setilaiti au chombo kinachoelea angani, matumaini ya wananchi hupanda. Miezi hupita, mnara hauonekani, na malalamiko huwa ni yale yale: wenye mitaji hawawajali watu wa vijijini. Malalamiko hayo yana ukweli wake, lakini hayatoshi kuwa maelezo. Anayetaka fedha za mtu zifike mahali fulani ni lazima ajue mtu huyo anahofia nini. Hotuba hii inaeleza hofu hiyo, inaonyesha lini ilikuwa ya haki na lini ilikosa kuona mbali, na inataja mambo ambayo Halmashauri inaweza kuyafanya badala ya kubaki mtazamaji.

Hesabu ya mnara

Katika biashara ya intaneti isiyotumia waya, gharama hutangulia na mapato hufuata kwa mbali. Kabla mteja wa kwanza hajalipa shilingi moja, kampuni imekwisha kulipia leseni ya masafa, imepanga ardhi, imesimamisha mnara, imevuta umeme au kununua jenereta na sola, na imetafuta njia ya kuuunganisha mnara huo na mkongo. Fedha hizo zikishazama hazitoki tena. Mwenye basi akikosa abiria Jumatatu huligeuza basi lake njia nyingine Jumanne. Mwenye mnara hana uwezo huo.

Jambo la pili ni tabia ya mawimbi yenyewe. Masafa ya chini, kama yale ya megahezi 700, 800 na 900, husafiri mbali na hupenya kuta kwa urahisi. Masafa ya juu, kama ya gigahezi 2.5, yana nafasi kubwa ya kubeba taarifa nyingi kwa wakati mmoja, lakini hayafiki mbali na hudhoofika yakikutana na ukuta au kilima. Umbali ambao mawimbi hufika ukipungua kwa nusu, eneo linalohudumiwa na mnara mmoja hubaki robo. Maana yake ni kwamba mahali palipohitaji mnara mmoja patahitaji minne, na gharama huzidi kwa kadiri hiyo hiyo. Mhandisi huona kasi; mwenye fedha huona idadi ya minara.

Jambo la tatu ni kifaa kilichomo mkononi mwa mteja. Mtandao bora kupita wote hauna faida kwa mtu mwenye simu isiyoweza kuupokea. Na bei ya vifaa haishuki kwa sababu ya wateja wa wilaya moja wala nchi moja. Hushuka pale viwanda vinapotengeneza mamilioni ya vifaa vya aina moja kwa ajili ya dunia nzima. Kwa hiyo mwekezaji akiombwa kugharimia teknolojia mpya huuliza kwanza: ni nani wengine watakaoichagua? Akiona kampuni kubwa zinaelekea njia nyingine, huogopa kubaki peke yake na mitambo isiyo na simu za kuitumia.

Kisa cha WiMAX nchini Marekani

Hakuna mahali ambapo hofu hizi zilionekana wazi kama katika kisa cha teknolojia iliyoitwa WiMAX. Mwezi Desemba 2005 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliidhinisha kiwango cha 802.16e, kilichowezesha intaneti ya kasi kumfuata mtumiaji akiwa safarini. Kampuni ya Intel, mtengenezaji mkubwa wa vichakato vya kompyuta, iliipigia debe teknolojia hiyo kwa nguvu zote. Mwezi Agosti 2006 kampuni ya simu ya Sprint Nextel ilitangaza kwamba ingejenga mtandao wa WiMAX kwa kushirikiana na Intel, Motorola na Samsung. Ilikusudia kutumia dola bilioni 1 katika mwaka 2007 na kati ya dola bilioni 1.5 na bilioni 2 katika mwaka 2008, ili kuwafikia watu milioni 100.

Kando yake ilikuwapo kampuni changa ya Clearwire, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Craig McCaw, mtu ambaye kampuni yake ya awali ya simu za mkononi ilinunuliwa na AT&T mwaka 1994. Jina lake lilikuwa na uzito sokoni. Intel iliipa Clearwire dola milioni 600 mwaka 2006, na mwezi Machi 2007 Clearwire iliuza hisa zake kwa umma kwa dola 25 kila moja. Kampuni hizi mbili zilikuwa na mali moja ya thamani: haki ya kutumia sehemu kubwa ya masafa ya gigahezi 2.5 katika miji mingi ya Marekani.

Wanahisa wa Sprint hawakufurahi. Sababu zao hazikuwa za chuki dhidi ya teknolojia. Sprint ilikuwa imeungana na Nextel mwaka 2005, muungano huo ulikuwa ukiyumba, na wateja walikuwa wakiondoka. Wenye hisa waliuliza: nyumba inayovuja inaongezwaje ghorofa? Walitaka fedha zitumike kwanza kutengeneza huduma iliyokuwapo. Mwezi Oktoba 2007 mkuu wa kampuni, Gary Forsee, aliondoka. Mwezi uliofuata makubaliano ya Sprint na Clearwire ya kugawana kazi ya ujenzi, ambayo hayakuwa na umri hata wa miezi sita, yalivunjika. Mwezi huo huo Verizon, mshindani mkubwa, ilitangaza kwamba kwa kizazi kijacho itachagua teknolojia ya LTE. Kisha Sprint ikatoa hesabu za robo ya mwisho ya mwaka 2007 zilizoonyesha hasara ya dola bilioni 29.5, sehemu kubwa ikitokana na kushushwa vitabuni kwa thamani ya mali za Nextel.

Hata hivyo mradi haukufa. Mwezi Mei 2008 ilitangazwa kwamba mali za WiMAX za Sprint zitaunganishwa na Clearwire, na kwamba Intel, Google, Comcast, Time Warner Cable na Bright House zitachangia jumla ya dola bilioni 3.2. Msukumo ulirudi. Lakini wakati nao una hukumu yake. Benki ya Lehman Brothers ilianguka tarehe 15 Septemba 2008. Wiki mbili baadaye, tarehe 29 Septemba, huduma ya kwanza ya kibiashara ya WiMAX ya Sprint ilifunguliwa katika mji wa Baltimore. Mtandao uliohitaji mabilioni ya dola ulizaliwa katika majira ambayo hakuna aliyekuwa tayari kukopesha. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2009 Intel ilikuwa imetangaza kushusha thamani ya fungu lake katika Clearwire kwa takriban dola milioni 950.

Mwaka 2009 wabia waliongeza fedha nyingine zaidi ya dola bilioni 1.5. Minara ilijengwa, watu zaidi ya milioni 100 wakawa katika maeneo yaliyofikiwa na mawimbi, na mwaka 2010 Sprint ikaanza kuuza simu janja ya kwanza nchini humo iliyopokea WiMAX. Lakini mwezi Novemba 2010 Clearwire ilikiri katika taarifa zake rasmi kwamba kulikuwa na shaka kubwa juu ya uwezo wake wa kuendelea kama haitapata fedha zaidi, ikapunguza wafanyakazi kwa asilimia 15 na kusimamisha baadhi ya mipango yake ya upanuzi. Mwezi uliofuata Verizon ilifungua LTE katika miji 38 kwa mkupuo. Mwaka 2011 Clearwire yenyewe ilitangaza kwamba itahamia LTE. Mwaka 2012 Google, iliyokuwa imeweka dola milioni 500, iliuza fungu lake kwa dola milioni 47 hivi.

Nani alikuwa na haki?

Mtu akiishia hapo atasema kwamba wenye mashaka walishinda. Kuhusu teknolojia, walishinda kweli. WiMAX ilifanya kazi ilivyoahidiwa. Kilichoiangusha ni kwamba viwanda na kampuni kubwa za simu duniani zilichagua LTE, na vifaa vikafuata huko. Kuhusu fedha pia walikuwa sahihi: mtandao wa aina ile haujengwi kwa mtaji wa nusu safari.

Lakini ipo sehemu ya pili ya kisa hiki, ambayo husahauliwa. Yale masafa ya gigahezi 2.5, ambayo wengi waliyaona kuwa ni masafa ya kula minara, hayakupotea. Mwaka 2013 Sprint ilizinunua hisa za Clearwire zilizokuwa mikononi mwa wengine kwa dola 5 kila moja, baada ya kushindania bei na kampuni ya Dish. Na mwezi Aprili 2020 Sprint ilipoungana na T-Mobile, masafa hayo hayo yakawa uti wa mgongo wa mtandao wa kizazi cha tano wa T-Mobile. Wenye mashaka waliihukumu teknolojia kwa usahihi, lakini wengi wao waliikadiria mali iliyokuwa chini yake kwa thamani ndogo mno. Aliyeuza mapema alikosa. Aliyenunua mapema mno alifilisiwa na muda.

Kuna jambo jingine katika kisa hicho linalozihusu moja kwa moja mamlaka za umma. Sehemu kubwa ya masafa hayo haikuwa mali ya kampuni. Tangu mwaka 1963 serikali ya Marekani ilikuwa imeyatenga kwa ajili ya vipindi vya elimu vya televisheni, na leseni zake zilikuwa mikononi mwa shule, vyuo na mashirika yasiyo ya kibiashara. Kampuni za intaneti ziliyapanga kutoka kwao kwa mikataba ya miaka mingi. Wenye leseni walioandika mikataba kwa uangalifu walipata kodi pamoja na huduma nafuu kwa shule zao.

Tofauti hiyo ilionekana mwaka 2015, Sprint ilipokaribia kuuzima mtandao wa WiMAX, jambo lililopangwa kufanyika tarehe 6 Novemba. Mashirika mawili, Mobile Beacon na Mobile Citizen, yaliyotumia haki zao za masafa kupeleka intaneti nafuu kwa shule, maktaba na familia zenye kipato kidogo, yalikwenda mahakamani katika jimbo la Massachusetts. Yalidai kwamba huduma mpya waliyopewa haikulingana na waliyoahidiwa katika mkataba. Mahakama iliamuru huduma iendelee kwa siku 90 zaidi katika maeneo husika ili watumiaji wahamishwe. Siku 90 zaonekana kidogo, lakini kwa mwanafunzi ambaye intaneti yake ya nyumbani ilikuwa hiyo tu, zilikuwa muhula mzima. Na zilipatikana kwa sababu palikuwapo mkataba wa kushika mkononi. Aliyekuwa na ahadi ya mdomo hakuwa na cha kumpelekea hakimu.

Maputo ya Kenya na mtandao wa Rwanda

Afrika Mashariki nayo ina mifano yake. Mwezi Julai 2020 kampuni ya Loon, tanzu ya Alphabet ambayo ndiyo mama wa Google, kwa kushirikiana na Telkom Kenya ilianza kutoa huduma ya 4G kwa kutumia maputo yaliyoelea umbali wa takriban kilomita 20 kutoka ardhini. Maputo yapatayo 35 yalihudumia eneo la karibu kilomita za mraba 50,000, likiwamo eneo la Baringo, Nakuru, Kisumu na Narok. Kiufundi ulikuwa ushindi mkubwa. Mwezi Januari 2021, kabla hata mwaka haujatimia, Loon ilitangaza kufunga kazi. Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa ya wazi: njia ya kupunguza gharama kiasi cha kuifanya biashara isimame haikupatikana. Kampuni iliahidi dola milioni 10 kwa ajili ya mashirika na biashara za Kenya zinazoshughulikia mawasiliano, ujasiriamali na elimu.

Fundisho lake ni kubwa. Alphabet ni miongoni mwa kampuni tajiri kupita zote duniani, na utajiri huo haukuyabakiza maputo angani. Utajiri wa mama si dhamana ya mtoto. Mwenye fedha nyingi huacha mradi pale hesabu zinapokataa, na pengine huuacha upesi kuliko maskini, kwa kuwa ana pengine pa kwenda.

Rwanda ilifuata njia nyingine. Mwaka 2013 serikali iliingia ubia na kampuni ya KT ya Korea Kusini ili kujenga mtandao mmoja wa LTE wa nchi nzima, ambao kampuni nyingine zingenunua huduma kwa jumla na kuiuza kwa rejareja. Ili mwekezaji asiogope kushindanishwa, alipewa haki ya pekee kwa miaka mingi. Hofu ya mwekezaji iliondoka, minara ikajengwa kwa kasi, na kufikia mwaka 2018 mtandao ulikuwa umewafikia zaidi ya asilimia 90 ya wananchi. Lakini kufikiwa na mawimbi ni jambo moja na kuyatumia ni jingine: wengi hawakuwa na simu za LTE, na bei ya jumla ilibaki kulalamikiwa. Mwaka 2023 kampuni nyingine zilianza kuruhusiwa kutoa 4G kwa mitambo yao wenyewe. Hivyo basi, hofu ya mwekezaji inaweza kununuliwa, lakini ina bei, na bei hiyo hulipwa na mtumiaji.

Mambo ambayo Halmashauri inaweza kuyafanya

Waheshimiwa Madiwani, Halmashauri haitoi leseni za masafa wala haijengi mkongo. Kazi hizo ni za Serikali Kuu na Mamlaka ya Mawasiliano. Lakini katika kila kisa kilichotajwa, mashaka ya mwekezaji yalihusu mambo ambayo mengine yamo katika uwezo wa mamlaka ya mtaa.

La kwanza ni kuondoa giza. Mwekezaji huogopa zaidi asilolijua. Halmashauri inazo takwimu ambazo kampuni haina: idadi ya kaya katika kila kijiji, shule na zahanati zilipo, magulio na siku zake, mazao yanayouzwa na majira yake, mahali nguzo za umeme zilipofika, na barabara inayopitika masika na kiangazi. Takwimu hizo zikiwekwa katika ramani moja ya uhitaji, kata kwa kata, mazungumzo hubadilika. Kampuni haitaombwa tena huruma, itaonyeshwa soko.

La pili ni kuwa mteja wa kwanza. Kila idara leo hununua bando lake, na kila mkuu wa shule hutafuta njia yake mwenyewe. Mahitaji ya ofisi za kata, vituo vya afya, shule na vizuizi vya ushuru yakikusanywa pamoja na kutangazwa kwa utaratibu wa manunuzi ya umma, yatakuwa ni mapato ya uhakika kwa mnara tangu mwezi wa kwanza. Hata hivyo malipo yafuate huduma iliyokwisha kutolewa na kupimwa. Fedha za Halmashauri zisitangulie mbele ya teknolojia ambayo haijathibitika. Intel na Google zilimudu kupoteza mamia ya mamilioni na kuendelea na shughuli zao. Halmashauri ikipoteza fedha za madarasa mawili, watoto watasoma chini ya mti.

La tatu ni kuutumia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mfuko huo uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 kwa kutambua kwamba yapo maeneo ambayo hesabu ya biashara pekee haitayafikia kamwe. Mwezi Mei 2023 ilitiwa saini mikataba kati ya Mfuko na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini, ambayo ndani yake serikali inatoa ruzuku. Ruzuku ya namna hii hujibu hofu ya mwekezaji bila kumpa ukiritimba. Kata ambayo taarifa zake zimeandaliwa vizuri ina sauti kubwa kuliko kata inayolalamika bila takwimu.

La nne ni kuuliza maswali magumu mapema. Kila anayekuja na teknolojia mpya aulizwe matano: Fedha za ujenzi wote zimepatikana, au ni za awamu ya kwanza tu? Simu walizonazo wananchi sasa zitaipokea huduma hii, na kama hapana, kifaa chake ni bei gani? Ni nchi gani nyingine zinazoitumia teknolojia hii kwa wingi? Mnara utapata wapi umeme, na utaunganishwaje na mkongo? Na kampuni ikiuzwa au ikiondoka, ni nani atakayewajibika? Mwekezaji wa kweli hatachukizwa na maswali hayo, maana ndiyo aliyoulizwa na wenye fedha wake.

La tano ni mikataba ya ardhi. Minara mingi ya vijijini husimama juu ya ardhi ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka wazi nafasi ya Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kabla ya kutia saini, kijiji kipewe mwanasheria wa Halmashauri asome kila kifungu: muda wa pango na namna kodi itakavyopandishwa, ruhusa ya kampuni nyingine kutundika mitambo yake katika mnara huo huo, notisi ya kutosha kabla huduma haijazimwa, na wajibu wa kuuondoa mnara uliokufa na kuirudisha ardhi katika hali yake. Shule za Marekani zilinufaika au zilipunjwa kwa miaka 30 kwa sababu ya maneno ya ukurasa mmoja. Vijiji vya hapa havina sababu ya kulijua hilo kwa gharama yao wenyewe.

La sita ni kutowakawiza wanaokuja na nia njema. Kibali cha ujenzi kinachokaa miezi minane mezani ni gharama, na tozo mbili za jambo moja ni gharama. Mwekezaji huziingiza zote katika hesabu yake, na kata iliyokuwa pembeni kidogo ya faida huangukia upande wa hasara. Ushuru halali ulipwe, lakini uwe mmoja, ujulikane mapema, na usibadilike kila anapobadilika mtumishi.

Mashaka si uadui

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na wahenga hao hao walisema haraka haraka haina baraka. Mwekezaji wa intaneti isiyotumia waya husimama kati ya methali hizo mbili. Akitangulia mno, humkuta yaliyomkuta Clearwire. Akichelewa mno, hukuta masafa na wateja vimekwisha kuchukuliwa. Kusita kwake basi si uadui dhidi ya vijiji; mara nyingi fedha anazozilinda ni akiba za wastaafu na amana za watu wa kawaida kama waliomo katika ukumbi huu.

Mashaka hayo hayaondolewi kwa hotuba wala kwa shinikizo. Huondolewa kwa takwimu, kwa mteja wa uhakika, kwa ruzuku pale inapostahili, na kwa mikataba inayosomeka. Na Halmashauri nayo ina haki ya kuwa na mashaka yake, kwa sababu inayemwakilisha ni yule mwananchi anayekuta kufuli mlangoni pa ofisi. Pande mbili zenye mashaka, zikikutana na karatasi za hesabu mezani, huweza kufikia makubaliano yanayodumu kuliko pande mbili zilizokutana kwa shangwe.

Maafisa Mipango na Watendaji wa Kata wanaombwa waanze na ile ramani ya uhitaji. Haihitaji mnara wala masafa; inahitaji daftari, kalamu na mtu anayeijua kata yake.